Samaki Walipoanza Kuhema

Juma lililopita tulipaka rangi sebule yetu hapa Kasapa. Ni rangi ya mafuta, ile ya harufu kali. Usiku, baridi ya kiangazi ya Lubumbashi mnaijua. Tukafunga madirisha yote.

Sanduku la kioo la samaki tulilifunika kwa plastiki. Ni samaki wadogo wa Ziwa Tanganyika, zawadi ya kaka yetu kutoka Kalemie. (Jirani huuliza kwa nini tunalisha samaki tusiowala. Jibu hatuna, watoto wanawapenda.)

Asubuhi tuliwakuta juu ya maji, wanahema midomo wazi. Wawili wamekufa. Plastiki ilikuwepo, ila pampu tuliisahau. Mashine ile ndogo huvuta hewa ya chumba na kuiingiza majini, na hewa yetu ilijaa mvuke wa rangi. Kuizima nako si dawa, maana samaki watakosa pumzi, kama umeme unapokatika muda mrefu.

Tuliihamishia chumba cha nyuma chenye dirisha wazi, mpira wake ukapita chini ya mlango. Tukanawa mikono vizuri, tukabadilisha robo ya maji kwa maji yaliyolala ndooni. Waliobaki wakaanza kushuka chini.

Ndipo tukakumbuka mtoto mchanga. Alilala kando ya sebule ile ile, akakohoa usiku kucha, nasi tukasema ni baridi. Amehamia kwa nkambo wake hadi harufu iishe.