Kitunguu Saumu cha Mwitu Uani Kwangu

Nyumba tunayokaa hapa Bugolobi imejengwa mtelemkoni. Upande wa juu ni changarawe; upande wa chini ardhi ina unyevu daima, kuelekea mafunjo ya kinamasi cha Nakivubo. Ndiko huko chini nilikopanda kwanza kitunguu saumu cha mwitu, nikidhani mmea wa porini hauchagui pa kuishi. Mvua za Machi zilipokolea, miche yote ikaoza.

Laiti ningaliuliza kwanza kwao ni wapi! Mmea huu, ambao wataalamu huuita Tulbaghia violacea, asili yake ni Afrika Kusini, katika nyika zenye mawe za Rasi ya Mashariki na KwaZulu-Natal, ambako maji hayatuami. Jina hilo limetokana na Ryk Tulbagh, gavana wa Rasi tangu 1751 hata 1771. Basi nikapanda upya juu kwenye changarawe, karibu na jiko, ukastawi hata nikawa nakata majani machache kila jioni ya kutia katika maharagwe.

Kosa langu la pili, akina mama wenzangu, lilikuwa kubwa zaidi. Kando yake nilipanda maua ya mvua, yaani Zephyranthes, kwa urembo tu. Yasipochanua, majani yake membamba hufanana mno na ya kitunguu kile, nayo yana sumu, hasa mzizi wake wa duara. Jumamosi moja mpwa wangu alikata majani ya safu zote mbili. Alinusa kila fungu, akaridhika; kumbe harufu ilikuwa imeganda vidoleni mwake tangu safu ya kwanza.

Jirani yetu, bibi mzee wa Kiganda, alipita kuomba chumvi, akatazama majani yaliyobaki ungoni. "Nyabo," akasema, "hii si katunguluccumu."

Nikamwaga sufuria nzima. Lakini mwanangu wa mwisho alikuwa amekwisha kuonja. Alitapika usiku kucha, nami nikakesha naye zahanati nimemshika kichwa. Alfajiri akaomba chai.

Siku hiyo hiyo niling'oa maua ya mvua yote. Kitunguu huchanua vijiua vingi vya zambarau juu ya bua moja, ilhali ua la mvua hukaa peke yake. Lakini nani angoje maua na chungu ki motoni? Siku hizi nanawa mikono kila baada ya jani la kwanza, kisha nakata jingine na kunusa.

Mpwa wangu hadi leo hali maharagwe kwangu.