Orodha Moja Ubaoni: Somo la Viwanda, Malighafi na Nishati Tangu Uhuru

Somo la viwanda katika Jiografia ya shule za Tanzania limesimama kwa miaka mingi juu ya orodha ya mambo saba: malighafi, nishati, usafiri, nguvukazi, soko, mtaji na sera ya serikali. Orodha hiyo hujibu swali moja: kwa nini kiwanda kijengwe hapa na si pale? Mwanafunzi wa miaka ya 1960 aliinakili kutoka ubaoni, mwanawe akainakili vilevile, na mjukuu naye hakuikwepa. Kilichobadilika ni mifano. Kila kipindi cha historia ya nchi kilileta ushahidi wa kipengele chake, kiasi kwamba daftari la zamani linaweza kukisiwa mwaka wake kwa kusoma mifano iliyomo tu.

Katika miaka ya mwanzo ya uhuru, mtihani wa kidato cha nne ulikuwa bado unatungwa Cambridge, na mifano ilitoka hukohuko Ulaya. Mashuhuri kuliko yote ulikuwa ukanda wa Ruhr, Ujerumani. Wanafunzi walichora mto Rhine, wakaweka nukta za Essen, Dortmund na Duisburg, kisha wakaeleza kwamba viwanda vya chuma vilikusanyika pale kwa sababu makaa ya mawe yalikuwa chini ya miguu, ilhali mawe ya chuma yaliweza kuletwa kwa meli hata kutoka Uswidi. Neno makaa liliwapeleka wengi kwenye gunia la mkaa wa jikoni, na mwalimu alilazimika kueleza kuwa haya hayatoki kwenye tanuri la mchoma mkaa, bali huchimbwa ardhini yakiwa tayari. Nyuma ya somo hilo ilikuwepo nadharia ya Mjerumani Alfred Weber, aliyoitoa mwaka 1909: kiwanda hufuata mahali ambapo gharama ya kusafirisha malighafi na bidhaa ni ndogo zaidi. Jina la Weber halikufika madarasa ya chini, ila hoja yake ilifika.

Nayo lugha ilikuwa na mchango wake. Malighafi ni mali ambayo bado ni ghafi, kama yalivyo mafuta ghafi. Haijapita mkononi mwa fundi. Mtoto wa shule ya msingi alilielewa neno hilo kabla ya kufafanuliwa. Alipoingia sekondari, somo lilianza upya kwa Kiingereza, na aliyekuwa anaeleza kwa maneno yake sasa alikariri maelezo ya kitabu.

Mfano wa kwanza wa nyumbani ulikuwa mkonge. Miche yake ililetwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na 62 tu ndiyo iliyofika ikiwa hai na kupandwa karibu na Pangani. Miaka sabini baadaye Tanganyika ilikuwa inaongoza duniani, na mwaka 1964 uzalishaji ulizidi tani 230,000. Mwalimu wa Tanga au Morogoro hakuhitaji picha. Jani moja lililetwa darasani, likapondwa kwa jiwe na kuparwa kwa mgongo wa kisu, nyama yake ya kijani ikatoka na maji yanayowasha, zikabaki singa chache nyeupe mkononi. Kisha likafuata swali: kama sehemu kubwa hivi ya jani ni takataka, nani atalipia nauli ya kulipeleka mbali? Singa ni takriban asilimia 4 tu ya uzito wa jani. Ndiyo sababu korona, yaani mashine ya kuchakata mkonge, ilikaa katikati ya shamba, na reli ndogo za mashambani zikaleta majani hadi mlangoni pake. Manamba waliotoka mikoa ya mbali kuja kukata majani hayo walifunga kipengele cha nguvukazi.

Hoja ileile ilielezwa kwa pamba na miwa. Theluthi moja tu ya pamba mbegu ndiyo nyuzi, hivyo vinu vya kuchambulia vikawekwa vijijini na katika miji midogo ya Usukumani, na marobota ndiyo yaliyosafiri. Miwa haingoji: ikishakatwa huanza kupoteza sukari, nayo tani kumi hutoa takriban tani moja ya sukari. Kwa hiyo viwanda vya Arusha Chini karibu na Moshi, Kilombero na Mtibwa vimezungukwa na mashamba yao wenyewe. Makapi ya miwa huchomwa kupata mvuke wa kuendeshea mitambo, jambo ambalo wanafunzi walilipenda kwa sababu kiwanda kilijitosheleza kwa kuni kutoka katika malighafi yake.

Azimio la Arusha la Februari 1967 lilipandisha kipengele cha mwisho cha orodha kikawa cha kwanza. Sera ya serikali, ambayo hapo awali ilipata mstari mmoja, sasa ilijaza ukurasa. Tanzania ilijitoa katika baraza la mitihani la Afrika Mashariki mwaka 1971 na kuunda Baraza la Mitihani la Taifa mwaka 1973, na maswali yakaanza kudai mifano ya nchini. Wanafunzi wa muongo huo wanakumbuka orodha ya viwanda vya umma kama wanavyokumbuka vituo vya reli ya kati: saruji ya Wazo Hill, nguo za Urafiki zilizoanza 1968 kwa msaada wa China, zana za kilimo za Ubungo, mbolea ya Tanga iliyoanza 1972, kiwanda cha kusafishia mafuta cha TIPER Kigamboni.

Orodha hiyo ilikuwa na fumbo ndani yake. Saruji ya Wazo Hill ilifuata chokaa iliyopo kilimani. Lakini TIPER ilisafisha mafuta ghafi yaliyokuja kwa meli, mbolea ya Tanga ilitegemea malighafi za kuagizwa, na majembe ya Ubungo yalihitaji chuma cha nje. Mwanafunzi aliyeshika kanuni ya mkonge aliuliza malighafi iko wapi, na jibu lilikuwa bandarini. Kwa kiwanda kinachokula malighafi ya kigeni, gati ndilo shamba lake. Bei ya mafuta ilipopanda mwaka 1973 na tena 1979, na fedha za kigeni zikaadimika baada ya vita vya Kagera, jibu hilo lilionyesha udhaifu wake: mitambo ilikuwepo, wafanyakazi walikuwepo, lakini meli haikuja. Somo lilipata mfano wa mtaji bila kuutafuta.

Nishati ilifundishwa kwa matumaini makubwa zaidi. Baada ya maporomoko ya Pangani na bwawa la Hale, kituo cha Kidatu kwenye mto Ruaha Mkuu kilianza mwaka 1975, na baadaye kikafikia megawati 204. Mtera lilijengwa juu yake kama ghala la maji, na mitambo yake ya megawati 80 ikaanza 1988. Vitabu vilieleza kuwa umeme wa maji ni wa bei nafuu na hauishi. Ukame wa mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulisahihisha sentensi hiyo. Mgao wa umeme uliingia majumbani, na kina cha Mtera kikawa habari ya redio: mita 690 juu ya usawa wa bahari ndiyo kiwango cha chini ambacho mitambo huruhusiwa kufanya kazi. Mwanafunzi aliyejisomea kwa koroboi hakuhitaji kuambiwa kwamba nishati ni sharti la kiwanda. Alihitaji kuelezwa jambo jipya, kwamba maji ya Kidatu huanzia bonde la Usangu, ambako mashamba ya mpunga na mifugo yanayagombea.

Kihansi, kilichoanza mwaka 2000 kikiwa na megawati 180, kilileta somo ambalo halikuwamo katika orodha. Maji yalipoelekezwa kwenye handaki la mitambo, manyunyu ya maporomoko yalipungua, na chura mdogo anayezaa watoto hai, asiyepatikana mahali pengine popote, akatoweka porini. Takriban vyura 500 walikuwa wamepelekwa Marekani kutunzwa, na uzao wao ukaanza kurudishwa mwaka 2012. Kuanzia hapo mada ya nishati haikukamilika bila kichwa kidogo cha athari kwa mazingira.

Miaka ya 1990 ilikuwa migumu kwa mwalimu wa somo hili. Mashirika ya umma yalibinafsishwa, mbolea ya Tanga ilifungwa, TIPER ikaacha kusafisha mafuta na kubaki na matangi ya kuhifadhia, viwanda vya nguo vikalemewa na mitumba na nguo za nje. Mkonge ulikuwa umeshashindwa na kamba za plastiki, na uzalishaji ukashuka hadi takriban sehemu moja ya kumi ya ule wa 1964. Kitabu kiliendelea kutaja kiwanda ambacho wanafunzi walikipita kila siku geti lake likiwa na kutu. Hapo ndipo soko, neno lililokaririwa kwa miongo mitatu, lilipoeleweka: malighafi inaweza kubaki palepale shambani, na kiwanda kikafa kwa sababu mnunuzi amepata kitu kingine. Ruhr wenyewe haukusalimika. Mgodi wake wa mwisho wa makaa ya mawe, ulioko Bottrop, ulifungwa Desemba 2018.

Ramani ya nishati nayo ilifundisha kusubiri. Gesi asilia iligunduliwa Songosongo mwaka 1974, na kwa miaka thelathini ilikuwa alama tu kwenye ramani ya Kilwa hadi ilipofika Ubungo mwaka 2004. Bonde la Rufiji liliandikwa kama uwezo wa baadaye na vizazi kadhaa vya wanafunzi, hadi bwawa la Julius Nyerere lilipowasha mtambo wa kwanza mwaka 2024, kati ya mitambo tisa yenye jumla ya megawati 2,115. Chuma cha Liganga na makaa ya mawe ya Mchuchuma vimebaki mfano bora wa tofauti kati ya rasilimali na malighafi: kilichomo ardhini huwa malighafi pale tu kinapopata njia, mtaji na mnunuzi.

Nishati iliyokaa karibu zaidi na darasa ilichelewa kuingia katika somo. Wakati ubao umejaa makaa ya mawe, petroli na urani, moshi wa kuni ulikuwa ukitoka jikoni mwa shule, na wanafunzi wenyewe ndio walioleta kuni hizo. Kuni na mkaa ndivyo vilivyobeba sehemu kubwa ya nishati yote inayotumika nchini. Mkakati wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa 2024, pamoja na agizo kwa taasisi zinazolisha zaidi ya watu 100 kwa siku kuacha kuni na mkaa, umelifanya jiko la shule kuwa mfano wa kufundishia.

Mwaka huohuo shule za msingi zilianza mtaala mpya wenye somo la Jiografia na Mazingira, unaosisitiza umahiri kuliko kukariri. Kwa somo la viwanda, maana yake ni kuanzia na kilicho karibu. Chaki ni mfano ulio tayari mkononi: hutokana na jasi, inayochimbwa Makanya na Itigi, na wilayani Maswa vijana walianzisha kiwanda kidogo cha kuitengeneza. Mashine ya kusaga ya kijiji ni mfano mwingine. Ilipokuwa ya dizeli, ilikaa popote ambapo pipa la mafuta lingeweza kufikishwa. Umeme wa vijijini ulipofika, ilisogea karibu na nguzo. Wanafunzi hupewa kazi ya kumuuliza mwenye mashine mahindi yanatoka wapi, umeme humgharimu kiasi gani, nani anamfanyia kazi, mtaji aliupata wapi, wateja hutoka umbali gani, barabara hupitika msimu gani na leseni hutolewa na nani. Majibu yake ni saba, na yanajaza orodha ileile ya ubaoni.