Safari ya Siku Moja: Kutoka Kaisho hadi Maji ya Moto ya Mtagata na Mto Kagera

Mwenyezi Mungu Mtukufu, katika Surat Al-Ankabut, aya ya 20, ametuamrisha kutembea katika ardhi tupate kutazama jinsi alivyoanzisha uumbaji. Wengi katika sisi tuisikiapo amri hii hudhani kuwa wanaoambiwa ni wenye mali, wawezao kwenda kutazama milima ya barafu, na maporomoko ya maji, na pwani za nchi za mbali. La! Ardhi yote ni yake, na ishara zake hazikuwekwa ng'ambo peke yake. Kwa ajili hiyo sisi wa Kaisho, katika wilaya ya Kyerwa, mkoani Kagera, tuliazimia kutumia siku moja ya mapumziko kuyatazama maji ya nchi yetu wenyewe. Tulikuwa watu tisa, wazee wanne na vijana watano wa madrasa, pamoja na mwongozaji mwenyeji.

Tulitoka kwa gari la kukodi baada ya swala ya Alfajiri. Ukungu ulikuwa ungali umelala juu ya migomba, na baridi ya milima yetu, ambayo msomaji wa Tanga au wa Unguja hawezi kuidhania, ilitufanya tukazane katika makoti. Njiani mwongozaji wetu, Mnyambo mtu mzima mwenye adabu nyingi, alitueleza khabari za nchi. Alitukumbusha kwamba Karagwe haikuwa pori lisilojulikana na watu wa pwani. Zamani za Mfalme Rumanyika wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walikuwa na kituo chao Kafuro. Na Mwingereza Stanley alipopita mwaka 1876 alimkuta huko Mwarabu Hamed bin Ibrahim, aliyekwisha kukaa bara miaka mingi. Basi jina la Mwenyezi Mungu lilitajwa katika vilima hivi kabla babu zetu wengi hawajazaliwa.

CHEMCHEMI YA MTAGATA

Mtagata ni chemchemi za maji ya moto zilizomo katika bonde lenye miti mikubwa. Jina lenyewe latokana na neno la lugha za huku lenye maana ya kupata moto. Na kwa asili hiyo hiyo ndugu zetu wa Ankole, nchini Uganda, wana chemchemi yao iitwayo Kitagata. Stanley alifika Mtagata mwaka ule wa 1876, akaukuta umaarufu wake umekwisha enea, na wagonjwa wakija kutoka mbali kuoga.

Hata leo waja. Tuliwakuta watu wameketi kandokando ya maji, wengine wakijimwagia mabegani, wengine wametumbukiza miguu. Mvuke ulipanda katikati ya mawe, na tumbili walikuwa wakirukaruka juu ya matawi. Vijana walitaka kujua moto huo watoka wapi. Tuliwaeleza kuwa maji ya mvua huzama katika nyufa za miamba hata yakafika chini sana, ambako ardhi ina joto. Hapo hupashwa moto, huyeyusha chumvi za mawe, kisha hupanda tena juu. Hakuna kuni wala jini. Ni utaratibu aliouweka Muumba.

Hapo ndipo ulipozuka mjadala ambao kwa hakika ndio uliotutia hima ya kuandika makala haya. Mzee mmoja katika sisi amesumbuliwa na miguu miaka mingi, hata kusujudu kwake ni kwa taabu. Alipoyaona maji alitoa mfukoni karatasi ya vidonge alivyopewa hospitalini, akasema, "Leo nitaoga hapa, na hivi nitavitupa. Maji haya yameponya watu tangu enzi za wafalme."

Kijana mmoja akamjibu kwa haraka, "Babu, usioge! Kutafuta uzima katika chemchemi ni shirki."

Mwingine, kinyume chake, alikwisha toa sarafu ili aitupe majini, kwa kuwa alisikia kwamba asiyetoa kitu hapati baraka ya mahali.

Tazama, ndugu msomaji, watu watatu mbele ya maji mamoja, na kila mmoja ameshika njia yake! Tulikaa juu ya mawe tukalizungumza jambo hili bila kupandishiana sauti. Tulimwambia kijana wa kwanza kuwa kujitibu si shirki. Mtume wetu s.a.w. aliamrisha watu wajitibu, akafundisha kuwa Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameyawekea dawa. Joto hulegeza maungo yaliyokaza, na jambo hili madaktari hawalikani. Tulimwambia wa pili airudishe sarafu yake mfukoni, ampe maskini atakayekutana naye njiani. Kwani anayeyapa maji sadaka ili yamridhie, ameyaomba maji. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba baada ya mvua ya usiku pale Hudaybiya, Mtume s.a.w. aliwabainishia masahaba wake tofauti ya mwenye kusema kuwa mvua imekuja kwa fadhila ya Mwenyezi Mungu na mwenye kusema kuwa imeletwa na nyota fulani: wa kwanza ni muumini, na wa pili amemkanusha Mola wake. Basi lisemwalo juu ya nyota, na chemchemi ni lilo hilo.

Ama mzee wetu, yeye tulimwambia kwa upole: "Aliyekujaalia maji haya ndiye aliyemjaalia daktari ujuzi wake. Kwa nini ukubali neema moja na kuitupa nyingine?" Alinyamaza kitambo, akivigeuzageuza vile vidonge mkononi. Kisha alivirudisha mfukoni, akajifunga shuka vizuri, kitovu na magoti vikasitirika, akashikwa mkono kuteremka. Aliketi majini muda mrefu. Wakati wa Adhuhuri, ambayo tuliiswali kamili kwa kuwa safari yetu haikufikia masafa ya kupunguza swala, tulimwona akisujudu kwa wepesi kuliko asubuhi. Alipomaliza alisema, "Alhamdulillahi, miguu imelegea. Na vidonge nitameza jioni." Jawabu hilo lilitufurahisha kuliko lau angalitupa fimbo yake na kukimbia.

UKINGONI MWA KAGERA

Kutoka hapo tulielekea Murongo, kwenye daraja la kuingilia Kikagati ya Uganda, tukateremka kuutazama Mto Kagera. Ni mto mpana wenye maji ya rangi ya udongo. Kijana mmoja aliuliza kama maji hayo yatoka katika theluji ya milimani. Swali zuri! Maji ya Kagera ni ya mvua za vilima vya Rwanda na Burundi. Mito ya Nyabarongo na Ruvubu hukutana karibu na maporomoko ya Rusumo, na hapo Kagera huanza safari. Huja kaskazini mpakani mwa Rwanda na nchi yetu, hukata mashariki mpakani mwa Uganda, hupita Kyaka, kisha huingia Ziwa Viktoria, nao ndio mto mkubwa kuliko yote iliingiayo ziwa hilo.

Theluji tuliyoulizwa ipo, lakini ni ya milima ya Rwenzori, kati ya Uganda na Kongo, ambayo kilele chake kina mita 5,109. Maji ya barafu ile hushuka hadi Mto Semliki na kuingia Ziwa Albert. Na maji ya Kagera nayo, baada ya kuvuka Ziwa Viktoria na kuanguka katika maporomoko ya Murchison, hufika Ziwa Albert hilo hilo. Hapo ndugu wawili hukutana, wakaenda pamoja kwa jina la Nili hadi pwani ya Misri. Ingawa sehemu kubwa ya maji yafikayo Misri hutoka Uhabeshi, ya kwetu nayo yamo. Vijana walistaajabu walipofahamu kuwa mto walioutia mikono ni tawi la mto ule ambao mama yake Nabii Musa a.s. alimtia mwanawe, kama ilivyosimuliwa katika Surat Al-Qasas. Mto ulimbeba mtoto mchanga ukamfikisha salama.

Lakini wazee hatukuweza kuwaficha vijana khabari ya pili. Mwaka 1994, yalipofanyika mauaji ya kimbari nchini Rwanda, mto huu huu ulibeba maiti za maelfu ya watu, wanaume, wanawake na watoto, hata zikafika Ziwa Viktoria, na watu wa Uganda wakazitoa majini na kuzizika. Baadhi yetu tunaikumbuka miezi ile, na wakimbizi waliomiminika mkoani mwetu. Mwongozaji wetu alivua kofia yake, nasi tukanyamaza.

Basi mto ni ule ule. Uliobeba uhai wa Musa kwa amri ya Mola wake, na uliobeba waliouawa kwa uovu wa wanadamu. Maji hayana wema wala ubaya wa nafsi yake. Uwezo ni wa Mwenyezi Mungu, na dhima ya matendo ni yetu.

Dhima hiyo haijaisha. Barafu ya Rwenzori, iliyochunguzwa mwaka 1906 na msafara wa Mtukufu wa Abruzzi wa Italia, leo imebaki sehemu ndogo tu, kwa kuwa dunia imezidi kupata joto. Kingo za mito hulimwa hadi majini, na taka hutupwa humo humo. Sisi tuliofundishwa na Mtume s.a.w. kutofanya israfu ya maji hata tukitawadha kwenye mto upitao, tutakuwa na udhuru gani?

Enyi wazazi, watoeni watoto wenu japo mara moja kwa mwaka wakaone mto, au chemchemi, au ufuko ulio karibu nanyi, pamoja na mtu aijuaye nchi. Kisha wasomeeni aya ya mwisho ya Surat Al-Mulk, inayotuuliza ni nani atakayetuletea maji yatiririkayo ikiwa haya tuliyonayo yatazama ardhini. Mtoto aliyetia mkono katika Kagera atalifahamu swali hilo.

Tulirejea Kaisho kabla ya Magharibi. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenye kuona, wenye kushukuru na wenye kuhifadhi. Amin.