Simba Huyu Alianza na Nani?

Mpwa wangu yuko mwaka wa mwisho wa A-level hapa Uingereza, na somo analolipenda kuliko yote ni sanaa. Kazi yake yote ya mwaka huu ameijenga juu ya Lubaina Himid, mchoraji aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954, akaletwa huku angali mchanga, na mwaka 2017 akapata Tuzo ya Turner. Daftari la michoro la binti huyu limejaa mkono wa Himid: watu waliokatwa kwenye mbao wakasimamishwa kama wageni sebuleni, rangi kali zilizokaa kwa mapana, pindo za kanga.

Pembeni ya kila mchoro ameandika amechukua nini kwa Himid, kwa nini, na yeye amebadilisha wapi. Si hiari yake. Picha lazima ziambatane na maandishi yasiyopungua maneno 1,000, halafu kuna mtihani wa saa 15 chini ya usimamizi, na humo pia anatakiwa aonyeshe mawazo yake yametoka wapi. Mwalimu haoni aibu yoyote mwanafunzi akipita njia ya mwingine. Anachotaka ni kwamba aseme.

Himid mwenyewe ndivyo afanyavyo. Mwaka 1986 alichukua onyesho kutoka Marriage A-la-Mode, picha za William Hogarth za karne ya 18, akawatoa watu wa Hogarth na kuwaweka wakubwa wa siasa na sanaa wa wakati wake, Margaret Thatcher na Ronald Reagan wakiwamo. Akaiita A Fashionable Marriage, na jina lenyewe linataja deni.

Nyumbani Tanzania deni la namna hii tunalibeba mkononi. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za kupakia baiskeli juu ya vipande vya hadibodi, na mwaka 1972 akafa kwa risasi za polisi waliomdhania mhalifu. Miaka minne tu! Lakini ndani ya miaka hiyo alikuwa amewaketisha ndugu na jamaa zake, akina Simon Mpata, January Linda na Ajaba Abdallah Mtalia, wakamtazama na kufuata. Hao wakawafundisha wengine, na mnyororo haujakatika mpaka leo pale Oysterbay jijini Dar es Salaam, karibu na Morogoro Stores.

Nawasikia watu, wakiwamo wenzetu wenye digrii za sanaa, wakisema pale ni kunakili tu. Nakataa kabisa. Anayeanza hakabidhiwi simba. Anapaka rangi ya chini na kungoja ikauke, anajaza maumbo aliyochorewa na fundi, anatia madoa ya chui. Rangi ile ya mafuta ni nzito na inanata. Ukizidisha kwenye brashi doa linachuruzika, ukipunguza linakwaruza. Madoa yakaribiane bila kugusana, tena yafuate mgongo wa mnyama ili mwili uonekane umejaa. Ukitaka kujua ugumu wake, jaribu safu moja tu. Mpwa wangu amepewa majuma machache ya kukaa na mtindo wa Himid, kisha akaanza kuulizwa, "Cha kwako kiko wapi?" Naona wanamharakisha. Mkono unataka muda kabla haujawa na la kwake la kusema.

Ila hapo hapo Oysterbay kuna jambo linaloniuma. Jina la mwanzilishi limebaki kwa sababu mtindo mzima unaitwa kwa jina lake. Je, waliokuja baada yake? David Mzuguno alijaza misitu, majani juu ya majani, ndege ndani ya ndege. Mohamed Charinda aliingiza hadithi na maisha ya vijijini. Hao walibuni. Leo unaweza kuuziwa msitu wa namna ile wenye sahihi ya mtu mwingine, ukiuliza unaambiwa, "Hiyo Tingatinga." Sheria haitusaidii hapa, kwani hakimiliki, kwetu na Uingereza pia, hulinda kazi yenyewe, hailindi mtindo. Kinachobaki ni heshima baina ya wachoraji.

Tulipokwenda Oysterbay pamoja, mpwa wangu aligeuza picha moja na kutazama nyuma. Patupu. "Mjomba, mbona hawaandiki aliyewafundisha?" Nikampelekea swali mchoraji aliyekuwa amekaa karibu. Akasema angeandika bila shida, ila wateja hawaulizi.

Basi tuulize. Nyuma ya ubao panatosha mistari miwili: jina la aliyenifundisha, na jina la aliyeanza kumchora mnyama huyu hivi. Ukipita Oysterbay likizo hii, kabla hujatoa hela, muombe mchoraji akuandikie.