Phil Collins Akiwa Amekaa Kitini

Kuna habari nimekuwa nikiikwepa tangu Machi 2022. Kila nikikaa kuiandika najikuta naandika mambo ya baridi na bei ya umeme. Leo mvua imenifungia ndani, chai ipo, wacha niitoe.

Ni habari ya kundi la Genesis. Najua wengi mtauliza ndio akina nani hao, na wachache mtasema si lile la Phil Collins? Ndilo hilo. Sisi tuliokulia Bongo, Phil Collins tulimjua kwa kaseti za kurekodiwa mtaani, yule mwimbaji wa nyimbo za taratibu, "Another Day in Paradise" na wenzake. Wimbo wa kumwandikia mtu barua. Kwamba jamaa ni mpiga dramu, tena wa hatari, sikuwa na habari hiyo hata kidogo.

Nilikuja kuijua ughaibuni. Nilipoingia nchi hii mwaka 2001 nilianza kubeba maboksi kama kila mtu, ghala moja magharibi mwa London, zamu ya usiku. Nikapangwa na Mwingereza mmoja mtu mzima, mimi nilikuwa namwita Mzee na yeye akalipenda jina akadhani ni la kwangu mwenyewe nimemtungia. Mzee alikuwa na ugonjwa mmoja tu, Genesis. Usiku mmoja akaniletea kaseti ya "Selling England by the Pound", albamu ya mwaka 1973, akasema isikilize mara tatu kabla hujasema neno. Nikaisikiliza mara mbili. Ya kwanza nililala.

Ya pili nikashtuka. Jamani, wale watu hawana haraka! Wimbo unaanza na sauti peke yake, unakwenda, unageuka, kinanda kinachukua dakika nzima za kwake, gitaa linaingia, mpaka umesahau ulianzia wapi. Wana mmoja wa mwaka 1972 unakwenda dakika 23. Wazungu wanauita muziki huu "progressive", na vijana wao wenyewe wanaucheka kwamba ni wa wazee wenye ndevu. Lakini mtu uliyelelewa na dansi utashangaa nini? Sisi tumezoea wimbo unaoanza polepole na mashairi yake, halafu unafika chemko na magitaa yanaongea yenyewe. Kilichonishinda ni kuhesabu. Wana nyimbo za mapigo saba, na ule wa "Turn It On Again" una mapigo kumi na matatu. Nilijaribu kuupiga makofi nikapotea njia kama mgeni Kariakoo.

Nasema habari ya kuhesabu kwa sababu mimi ni mtoto wa mpiga tumba. Marehemu baba alipiga tumba katika bendi za dansi za Morogoro kwa miaka mingi. Kwetu, mtu akipoteza mapigo mezani kwa kijiko alitazamwa vibaya.

Basi mwaka 2007 Genesis wakarudi. Phil Collins alikuwa ameacha kundi tangu 1996, ikadhaniwa yamekwisha. Mzee akanunua tikiti mbili, akanikabidhi moja, akasema utanilipa kwa kubeba boksi zangu nzito mwezi mzima. Tarehe 8 Julai 2007, Jumapili, tukaenda Twickenham, ule uwanja wa raga. Walikuwa Phil Collins, Tony Banks kwenye vinanda na Mike Rutherford kwenye gitaa na besi, pamoja na Wamarekani wawili waliozunguka nao tangu zamani, Daryl Stuermer wa gitaa na Chester Thompson wa dramu. Kuna mahali Collins na Thompson walikaa wawili wakaanza kupiga viti, ndiyo, viti virefu vile vya baa. Wakajibizana kwa vijiti kama watu wanaotaniana, halafu taratibu wakahamia kwenye dramu zenyewe, na uwanja mzima ukasimama. Nilimtazama yule bwana mfupi mwenye upara nikamuona baba. Sijui kwa nini, hawafanani hata kucha. Ni ile namna ya kutabasamu upande mmoja pale mapigo yanapomkubali.

Kwenye treni Mzee akanisimulia hadithi ambayo mpaka leo nikiwaambia Wabongo wananicheka wakidhani natunga. Mwimbaji wa kwanza wa Genesis alikuwa Peter Gabriel, akaondoka mwaka 1975. Mwaka 1982 yeye na wenzake wakaanzisha tamasha la WOMAD, la muziki wa dunia nzima, na wapiga ngoma wa Burundi walikuwepo katika lile la kwanza. Tamasha likawaingiza kwenye madeni makubwa. Wenzake wa zamani wakarudi kupiga naye onyesho moja, Milton Keynes, Oktoba 1982, ili kulipa deni. Mzee alikuwepo, mvua ikinyesha, Gabriel akaletwa jukwaani ndani ya jeneza! WOMAD ikapona. Miaka michache baadaye Gabriel akawa na lebo ya Real World, na lebo hiyo ndiyo iliyotoa "Songs for the Poor Man" na "Mambo" za Dokta Remmy Ongala na Super Matimila. Studio ya Real World iko kijiji kinachoitwa Box. Nilicheka peke yangu treni nzima. Sisi tunabeba box, mwenzetu kaifanya lebo ya Box itoe muziki wake.

Nikampigia simu baba kesho yake kumweleza. Alikaa kimya kidogo akaniuliza, "Huyo mpiga dramu, mkono wake wa kushoto ukoje?" Nikamwambia uko vizuri sana. Akasema, "Basi huyo mtu."

Kumbe safari ile ile ya 2007 ndiyo iliyomharibu Collins. Pingili za shingo zilihama, akafanyiwa upasuaji, na mwaka 2009 akatangaza kwamba mikono haishiki vijiti sawasawa. Alifikia kuvifunga mkononi kwa tepu. Nilisoma nikasikitika kama unavyosikitikia habari ya mtu wa mbali, nikaenda kazini.

Sasa sehemu niliyokuwa naikwepa.

Desemba 2010 nilikuwa nyumbani kwa harusi ya mdogo wangu wa kike. Tarehe 13 mwezi ule Dokta Remmy akafariki, na siku zilizofuata ilikuwa ni nyimbo zake tu, kwenye daladala, dukani, kila mahali. Baba naye alikuwa ameanza kutetemeka mikono, miaka miwili hivi. Kikombe cha chai alikuwa anakishika kwa mikono miwili. Siku moja kabla ya harusi akaniita uani akasema ameongea na vijana wa bendi tuliyoikodi, watapiga wimbo mmoja wa Remmy na yeye atakaa kwenye tumba. Wimbo mmoja tu.

Wadau, mimi nilikuwa nimetoka Ulaya. Nimelipia ukumbi, nimelipia mpiga video, wakwe wanatoka Moshi na magari yao. Nikaona mikono ile ikitetemeka mbele ya watu mia tatu, kaseti ya video inaizungusha, watu wanaangalia chini. Nikamwambia, "Baba, pumzika. Kesho wewe ni baba wa bibi harusi, kaa kwa heshima yako." Akanitazama. "Haya," akasema. Hakubisha. Nikaenda kumwambia MC asimwite hata akiomba.

Wimbo ulipigwa, na kijana mmoja wa bendi akashika tumba, wala hakuwa mbaya. Baba alikaa meza kuu na suti niliyomletea. Kwenye ile video, nimeiangalia mara nyingi kuliko ninavyotaka kusema, anaonekana kwa sekunde kama nne hivi. Vidole vyake vinapiga ukingo wa kreti ya soda iliyowekwa kando ya kiti. Vinatetemeka, ndiyo. Lakini viko kwenye mapigo. Alifariki mwaka 2013, sikupata ruhusa ya kazi kwa wakati, nikafika matanga.

Ndiyo maana Genesis walipotangaza kurudi tena mwaka 2020 sikujua niseme nini. Maonyesho yakaahirishwa kwa ajili ya korona. Wakaanza Septemba 2021, wakafika karibu na zamu ya London mwezi Oktoba, korona ikaingia ndani ya kundi lenyewe, yakasogezwa hadi Machi 2022. Nilikuwa nimenunua tikiti mbili safari hii, mimi na Mzee, kulipa lile deni la Twickenham. Mzee amestaafu siku nyingi. Wiki moja kabla akanipigia simu akasema haendi.

Alikuwa ameona picha za maonyesho yaliyotangulia. Collins anaingia na fimbo, anaimba amekaa kitini, hapigi chochote cha maana, na dramu anapiga mwanawe, Nic, kijana wa miaka 20. Mzee akasema, "Nataka nibaki naye kama alivyokuwa. Yule angeambiwa apumzike. Hana watu wa kumwambia?"

Nilishindwa kumjibu. Maneno yale niliyajua, niliwahi kuyasema mwenyewe.

Nikaenda na binti yangu, Ijumaa tarehe 25 Machi 2022, ukumbi wa O2, siku moja kabla ya onyesho la mwisho kabisa la maisha yao. Kwa kweli nilikwenda na hofu. Taa zikazimika, akaingia na mkongojo wake, taratibu, watu elfu na elfu wanapiga kelele huku kila mmoja anaangalia miguu yake asianguke. Akakaa. Muziki wa kuanzia ulikuwa ule ule wa Twickenham, wa kutoka albamu ya "Duke" ya mwaka 1980, na dakika ya kwanza nilitaka kutoka nje. Sauti imeshuka. Nyimbo zenyewe wamezishusha ufunguo ili azifikie. Waitikiaji wawili wanamsaidia pale juu. Wote watatu, Collins, Banks na Rutherford, walikuwa na miaka 71, lakini wawili walionekana wa 60 na mmoja wa 85.

Halafu ikaja ile yenye mapigo kumi na matatu, na Nic akaishika. Sijui niielezeje. Kijana anapiga kama baba yake wa mwaka 1980, ile mikono, ule uzito, lakini si kuiga, ana hasira yake mwenyewe kidogo. Na mzee pale kitini alikuwa anageuka. Kila baada ya kitambo anageuza shingo ile mbovu kumtazama mtoto, na kila akigeuka yale mabega yanafanya ishara ndogo ambayo mpiga ngoma yeyote anaijua. Mwili unapiga. Mikono imelala mapajani, lakini mwili wote unapiga.

Walipofika wimbo wa "Mama", pale anapocheka kile kicheko cha kishetani, taa zikimmulika kutoka chini, nywele zilinisimama. Sauti iliyochakaa ndiyo iliyoufaa. Alipokuwa na nguvu zake, kile kicheko kilikuwa maigizo mazuri. Safari hii kilitoka kwa mtu aliyekwishaona mambo. Nyimbo nyingine, nisiwadanganye, hazikuwa nzuri. "Invisible Touch" ilinichosha, lakini hata Twickenham ilinichosha.

Binti yangu, aliyekuja kwa ajili ya kunihurumia, akaniegemea katikati ya kelele akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika, "Babu naye alikuwa anapiga hivyo?"

Nikamwambia babu alipiga tumba, kwa mikono mitupu, bila vijiti.

"Uliwahi kumuona?"

Nikasema ndiyo, nikiwa mdogo. Akataka kujua mara ya mwisho ilikuwa lini. Nikajifanya sikusikia, na kwa bahati gitaa la Rutherford likanisaidia.

Walimaliza na "The Carpet Crawlers" ya mwaka 1974, wimbo wa enzi za Gabriel. Wakasimama mstari mmoja, Collins akanyanyuka kutoka kitini kwa taabu, mtoto akashuka kutoka kwenye dramu akaja kusimama naye. Siku ya pili yake tukasoma kwamba katika onyesho la mwisho Gabriel mwenyewe alikuwa ukumbini, amekaa na watazamaji, na Collins akatania kwamba sasa itabidi wote wakatafute kazi za kweli. Mzee akanipigia kuniuliza ilikuwaje. Nikamwambia ulikosea. Akakaa kimya, kisha akauliza wamepiga ule wa mapigo saba? Nikamwambia kipande. Akatukana kidogo kwa Kiingereza chao cha kaskazini, nikajua ameumia.

Usiku ule wa Ijumaa, tukiwa tunasubiri treni North Greenwich na umati wa watu wenye mvi, nilimpigia mama. Morogoro ilikuwa saa nane kasoro usiku, akapokea kwa hofu akidhani kuna msiba. Nikamuuliza zile tumba za baba ziko wapi.

"Tumba? Usiku huu?" Akafikiri. "Moja ngozi ilipasuka, watoto wa shangazi yako wanakalia. Nyingine ipo kwaya ya kanisani."

Nikamuuliza nani anaipiga.

"Kijana mmoja tu," akasema. "Baba yako alimfundisha, baada ya ile harusi. Alikuwa anakuja kila Jumamosi. Hukujua?"

Nikamwambia sikujua.

"Alikuwa anakaa pale kwenye kiti anamwelekeza kwa mdomo," mama akasema. "Lala sasa mwanangu, kesho nina zamu ya kufagia kanisa."