Nyumba Isiyomsikia Kogo

Eldoret saa ya mkononi si pambo, ni chombo cha kazi. Kabla jua halijachomoza wanariadha wako barabarani, na kila baada ya kilomita hutupa jicho mkononi kuona kasi na mapigo ya moyo. Nyuma ya saa hizo mna taa ndogo za kijani zinazomulika ngozi. Damu hufyonza mwanga huo, kwa hiyo moyo ukisukuma, mwanga unaorudi hupungua, na saa ikahesabu pigo moja.

Siku hizi wanazivaa hata wasiokimbia. Kwenye ploti yetu hapa mtaani Huruma yuko mama mzee ambaye sote tunamwita Kogo, yaani nyanya kwa Kikalenjin, tuwe Wakalenjin, Waluhya au Wakikuyu. Kisukari kimemfifisha macho. Mjukuu wake alimvisha saa ya kupima mapigo, kisha akamfungia taa inayowaka kwa kuambiwa, na spika ndogo juu ya kabati la vyombo. Nia yake ilikuwa njema kabisa: nyanya yake asipapase ukuta usiku akitafuta swichi.

Saa haikumsumbua, maana moyo hauna lafudhi. Spika ndiyo haijui Kiswahili, seuze Kikalenjin. Ili apate mwanga chumbani mwake, Kogo amelazimika kukariri sentensi ya Kiingereza, lugha ambayo hakuwahi kuisoma. Nimemwona akisimama mlangoni, mkono mmoja kwenye fremu, akasafisha koo, kisha akaitamka neno kwa neno kama mtoto mbele ya mwalimu. Taa isipowaka hurudia polepole zaidi, na sauti inazidi kushuka. Siku nyingine huacha tu, akamwita mtoto wa jirani. Jambo hilo limenikaa moyoni. Huyu ndiye mama anayewapatanisha wapangaji wakikosana juu ya maji na kamba za kuanikia nguo, na neno lake hufuatwa. Ndani ya chumba chake mwenyewe anabembeleza asikilizwe.

Mashine husikia kile tu ilichofundishwa. Msaidizi wa sauti aitwaye Siri alipotoka mwaka 2011, na mwenzake Alexa mwaka 2014, Kiswahili hakikuwamo. Mwaka 2017 Google iliongeza Kiswahili cha Kenya na cha Tanzania katika kuandika kwa sauti, na mimi hutumia huduma hiyo kila mikono inapokuwa na unga. Lakini Kogo akiongea, simu humshika nusunusu. Ulimi uliolelewa na Kikalenjin hautenganishi sana d na t, kwa hiyo akiagiza dawa yake, simu huandika kitu kingine. Mwenye duka wa hapa nje hajawahi kumkosea. Amemsikia miaka mingi, basi.

Kompyuta nayo huzoea vivyo hivyo, kwa kusikilizishwa sauti za watu wengi mno. Wasiorekodiwa haiwajui. Ndiyo maana naupenda mradi wa Common Voice, ulioanzishwa na shirika la Mozilla mwaka 2017, ambao Kiswahili kimo ndani yake. Unasoma sentensi kwenye simu, wengine wanasikiliza na kuthibitisha, na sauti hizo zinawekwa wazi ili mbunifu yeyote azitumie, hata kijana wa Eldoret asiye na mtaji.

Tangu nimwone Kogo pale mlangoni, nikiletewa kifaa kipya sikimbilii kuuliza kinafanya nini. Nauliza kwanza ni nani atakayelazimika kubadilika ili kifanye kazi. Mara nyingi jibu ni yule mwenye nguvu kidogo kuliko wote nyumbani, na hilo si haki.

Kwa hiyo nawaomba, vijana wa Huruma na kwingineko: tuchange sauti, na tusichange zetu peke yetu. Keti na nyanya yako au babu yako. Mweleze sauti yake itakwenda wapi, na akikubali, msomee sentensi naye airudie vile anavyotamka siku zote. Usimsahihishe.