Bibi harusi wetu anataka mto: tulivyoipanga safari ya Wami



Mwali wetu ametuomba zawadi moja kabla ya harusi: siku ya mto, sisi wanawake saba tuliokua pamoja, kabla hajaingia kwa mumewe. Mto wenyewe ni Wami, unaomwaga maji yake baharini kwenye Hifadhi ya Taifa Saadani, kaskazini ya Bagamoyo. Alitaka tupige makafi wenyewe, wawiliwawili kwenye mitumbwi. Mama yake alitoa ruhusa kwa maneno mawili tu: "Mtanirudishia mwanangu."

Sisi watu wa visiwani hatuhitaji kuelezwa maji yanavyochukua watu. MV Spice Islander, Septemba 2011, na MV Skagit, Julai 2012, ziliacha misiba ambayo haijasahaulika. Wapo wanaosema mwanamke akae mbali na maji. Wapo pia wanaosema ajali ni kadari, kwa hiyo jaketi la nini? Hatukubaliani na yote mawili. Bedui alipomuuliza Bwana Mtume (s.a.w.) kama amwache ngamia wake bila kamba na atawakali, alielekezwa amfunge kwanza. Basi sisi tumemfunga wetu hivi.

Wenyeji wa mto. Wami una viboko na mamba. Kiboko akizama humuoni, na ukimzibia njia yake ya kwenda kwenye kina anaweza kuupindua mtumbwi. Kwa hiyo tumeamua: Wami hatupigi makafi. Tutapanda boti ya injini pamoja na muongozaji anayeujua mto, na mikono haitoki nje ya boti. Makafi ya mwali yatapigwa siku nyingine kwenye mikoko ya Michamvi, huku kwetu Unguja, ambako hakuna mamba wala kiboko. Alinuna kidogo, kisha akacheka.

Mwezi na maji. Kalenda yetu ya Kiislamu inatusaidia hapa. Mwezi unapoandama na unapotimia ndipo bamvua inapokuja, na pwani hii maji hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3. Mdomo wa mto una mchanga na tope. Maji yakitoka, boti inaweza kukwama. Tumechagua tarehe 8 au 9 ya mwezi, wakati wa maji mafu. Tutaingia asubuhi maji yakijaa, na kutoka kabla upepo wa mchana haujakaza. Masika tumeyaepuka kabisa. Wami hukusanya maji tangu Dodoma na Morogoro, hivyo mto unaweza kufurika hata kama mbingu ya Saadani ni nyeupe.

Mavazi. Buibui likilowa huwa zito na hujisokota miguuni. Tutavaa suruali pana na gauni refu la kitambaa chepesi kinachokauka upesi, na mtandio ulioshonwa, usio na pini. Jaketi okozi linavaliwa juu ya yote, na mikanda inafungwa tangu gatini. Halikaliwi kama mto wa kuegemea. Dada zetu wenye nikabu tumewaomba waivue wakiwa botini, maana kitambaa kilicholowa huziba pua na mdomo. Kuhifadhi uhai ni katika makusudio makuu ya sheria yetu. Na asiyejua kuogelea asione haya kusema. Nungwi, mradi wa Panje umewafundisha wanawake na wasichana kuogelea wakiwa wamejisitiri mwili mzima. Inawezekana.

Sala. Sisi tunaotoka Unguja ni wasafiri, kwa hiyo tutafupisha na kukusanya Adhuhuri na Alasiri tukishafika nchi kavu. Hakuna atakayesimama botini kwa haraka ya kuwahi wakati.

Neno la kurudi. Hili ndilo gumu kuliko yote. Mtu akishalipa nauli ya boti ya Dar, gari la kwenda Bagamoyo na kiingilio cha hifadhi, huona uchungu kuambiwa "leo haiendeki". Tumekubaliana mapema: nahodha akisema hapana, ni hapana. Mmoja wetu akisema "moyo wangu umekataa", hachekwi wala habembelezwi, na mmoja atabaki naye ufukweni. Pesa tumezihesabu kama zimeshaondoka. Ratiba tumeiacha kwa mtu nyumbani: jina la nahodha, namba yake, na saa ya kurudi. Ikipita saa moja bila habari, anapiga simu.

Mabibi harusi mnaotusoma, mna haki ya kufurahi. Lakini mkipanga maji, ulizeni maswali haya kabla ya kuuliza bei, na nahodha akiyadharau, tafuteni mwingine. Kisha someni dua ya safari, mtawakali, mpande.

Allah atutangulie, na awarudishe wasafiri wote salama kwa mama zao. Amin.